Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutunza Uwanja wa Gofu na Kuusafisha Baada ya Dhoruba, Malindi

Kila mara mvua ya masika inapokatika siku mbili tatu na jua likatoka, wanachama, makedi (wanaowabebea wachezaji mifuko ya fimbo) na majirani hufika kwenye banda la mafundi wa uwanja wakiwa na maswali yale yale. Majibu yafuatayo yameandikwa na mmoja wa wanaousimamia uwanja wa gofu ulio karibu na bahari mjini Malindi, kwa ajili ya wanaocheza, wanaofanya kazi uwanjani na wanaoishi nje ya ua wake. Maneno ya mchezo yametumiwa kama yanavyotamkwa hapa kwetu: tii ni mahali pa kuanzia kupiga, feawei ni njia ya nyasi fupi, rafu ni nyasi ndefu za pembeni, bunka ni shimo la mchanga, na grini ni kile kiwanja kidogo cha nyasi laini chenye shimo la bendera.

Jua limewaka tangu asubuhi. Mbona uwanja bado umefungwa?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa na mtu ambaye mfuko wa fimbo tayari uko begani. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu tunaokarabati baada ya dhoruba haikuletwa na dhoruba, bali tuliileta wenyewe katika siku mbili za kwanza, kwa kupitisha trekta, vigari na miguu ya watu kwenye ardhi iliyokuwa bado imelowa. Ardhi iliyojaa maji huwa haina hewa kati ya chembe zake, na uzito ukipita juu yake chembe hizo hushindiliana kama udongo wa kukandikia nyumba, mizizi ikakosa pumzi na maji ya mvua inayofuata yakakosa pa kupenya. Mti wa mvinje ulioanguka huondolewa kwa siku moja, lakini mifuo ya magurudumu katikati ya feawei, ikichimbwa mwezi wa Mei, huenda ikaonekana hadi vuli.

Kipimo chetu hakihitaji chombo. Fundi hukanyaga kwa kisigino, huinua mguu, kisha hutazama. Unyayo ukijaa maji, hapaingii mtu; ukibaki unang'aa bila kujaa, watu wanaweza kutembea lakini mashine zisubiri; na kingo za unyayo zikianza kumomonyoka zenyewe kwa ukavu wa mchanga, kazi inaweza kuanza. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mchanga uliolala juu ya mwamba wa matumbawe, nayo hunywa maji upesi sana, kwa hiyo anayesimama kwenye tii ya kwanza na kuiona kavu hujiona ameonewa. Hajafika bondeni, ambako tope laini limekusanyika kwa miaka na maji hukaa siku nne au tano baada ya mvua kwisha.

Je, Malindi hupigwa na vimbunga?

Ni kwa nadra mno. Mji uko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayozifanya dhoruba za baharini zizunguke na kuwa vimbunga ni dhaifu. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilielekea pwani ya Tanzania, upande wa Mafia, na kwetu Kenya kilichohofiwa zaidi kilikuwa upepo mkali na mawimbi makubwa.

Kinachotuumiza ni mambo ya kawaida yanapokutana. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kufikia kilele mwezi wa Mei, wakati huo huo kusi linaingia kwa nguvu kutoka baharini, na siku hizo zikiangukia bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya bahari hupanda hadi mahali ambapo siku za maji mafu yasingefika. Kwa sababu hiyo msimamizi wa uwanja huku pwani anapaswa kuitazama kalenda ya mwezi pamoja na utabiri wa mvua. Vuli nayo, ya Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida huwa ya upole, lakini miaka ya El Niño huweza kuipita masika, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na tena mwaka 2023.

Watu huona bahari ya mbele ya mji imegeuka rangi ya matofali wakadhani ni udongo wa mashamba yetu. Ule ni udongo wa bara, ulioletwa na mto Sabaki, na hauna uhusiano wowote na mitaro ya uwanja.

Katika saa za kwanza, kazi gani hutangulia?

Kutembea. Watu wawili, wasiokuwa na mashine, huzunguka uwanja wote kwa miguu huku wakitazama juu kabla ya kutazama chini, kwa maana matawi yaliyovunjika yakanasa katikati ya mti ni hatari kuliko yale yaliyokwisha kuanguka. Waya wa umeme uliolala chini huhesabiwa kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani. Hausogezwi kwa mti, hauvukwi, na mtu mmoja huachwa apalinde mahali hapo hadi mafundi wa kampuni ya umeme wafike. Picha hupigwa wakati huu, kabla ya jani moja kuondolewa, kwa sababu kampuni ya bima haitalipia uharibifu ambao umeshafagiliwa.

Baada ya hapo mpangilio wetu ni huu: kwanza miti inayoning'inia juu ya njia za watu, pili maji na tope juu ya grini, tatu midomo ya mitaro, na mengine yote baadaye. Wapo wanaochukizwa kuona takataka zimetapakaa kwenye feawei siku ya tatu huku watu sita wakiwa wamepiga magoti kwenye grini moja. Feawei ya ukoka huweza kukaa chini ya majani kwa wiki nzima na isife, ilhali grini iliyofunikwa na tope huweza kupotea kwa siku mbili.

Grini husafishwaje inapofunikwa na maji na tope?

Adui wa kwanza ni maji yaliyotuama yakipigwa na jua. Maji ya kina cha vidole viwili yanayokaa juu ya grini hadi saa sita ya mchana hupata joto, hewa ikapungua ndani yake, na nyasi zikapikika. Kesho yake huonekana za rangi ya kahawia na zinanuka kama kisima kilichoachwa. Kwa hiyo maji husukumwa nje asubuhi na mapema, kwa fimbo pana zenye mpira mwishoni kama zile za kukaushia sakafu, yakielekezwa upande ambao grini imeinamia na kamwe yasirudishwe kwenye bunka.

Tope lina siri yake, na siri hiyo ni wakati. Likiwa bado bichi, kama uji mzito, huoshwa kwa mpira wa maji wenye mkondo mpana na kusukumwa polepole, na mwenye kuosha husimama juu ya mbao ili asiache nyayo. Likikauka nusu hugeuka ngozi ambayo haioshwi wala haifagiliki, na anayeikwangua kwa sepetu huondoka na nyasi pamoja. Ikishafikia hapo, ni heri kusubiri likauke kabisa, lipasuke vipande kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa, kisha kuvikusanya vipande kwa mkono na kumalizia kwa ufagio wa chelewa. Nimeona kijana mmoja akifanya kazi hiyo kwa ukucha wa kidole gumba, kipande kwa kipande, na grini yake ndiyo iliyotangulia kuwa kijani.

Uso ukishakuwa safi, tunachoma grini yote kwa uma wa bustani, meno yakizama sentimita kumi hivi na kuchomolewa wima bila kupindua udongo, ili hewa iingie. Mchanga safi, mkavu, usio na chumvi hunyunyizwa juu yake kwa wepesi. Tope lililoondolewa halimwagwi pembeni mwa grini, maana mvua ijayo italirudisha.

Maji ya bahari yakiingia uwanjani, je, nyasi zimekufa?

Si lazima. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na hakuna nyasi ya uwanja inayoyapenda, lakini zinatofautiana kwa ustahimilivu. Paspalamu ya pwani huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingi nyingine za gofu. Ukoka huvumilia kwa kiasi. Na bustani za maua kando ya jumba la klabu ndizo hufa kwanza. Kinachoua ni chumvi inayobaki baada ya maji kuondoka, ambayo huzidi makali kila ardhi inapokauka, kwa hiyo katika hali hii, na hii pekee, hatuachi ardhi ikauke. Tunaiosha.

Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa udongo ni kwamba maji baridi ya kina cha sentimita 15 yakipenya ardhini huondoa karibu nusu ya chumvi katika sentimita 30 za juu, na ya kina cha sentimita 30 huondoa karibu asilimia 80. Hesabu hiyo ifanyiwe kazi kabla ya kuagiza bauza, yaani lori la tangi la maji. Grini ya mita za mraba 400 ikihitaji sentimita 15 itameza mita za ujazo 60, yaani lita 60,000, ambazo ni bauza sita za lita 10,000 kwa grini moja tu. Ndiyo maana tunaosha grini, na feawei tunaiachia mvua ya Mei, ambayo kwa bahati hunyesha wakati huo huo bahari inapochafuka.

Maji ya kisima yapimwe kwanza. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina chumvi tayari, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kujisumbua. Wengine hushauri kumwaga jasi. Jasi husaidia sana pale udongo ulipo wa mfinyanzi, kwa kuwa kalsiamu iliyomo, madini yale yale ya chokaa, huisukuma nje sodiamu iliyoshikamana na udongo. Kwenye mchanga wa matumbawe, ambao wenyewe ni chokaa, mimi ningetumia pesa hizo kununua maji.

Kwa nini mivinje huanguka na minazi husimama, na iliyoanguka hukatwaje?

Mvinje uliopandwa kwenye mchanga usio na kina hutandaza mizizi yake kama mkeka, na majani yake membamba hushika upepo na maji kwa pamoja. Mnazi una mizizi myembamba isiyohesabika na shina linalopinda, kwa hiyo hutikisika, ukaangusha makuti na nazi, ukabaki umesimama. Mbuyu sijauona ukianguka kwa upepo.

Ukataji wa mti ulioanguka si kazi ya mtu mwenye nguvu bali ya mtu mwenye macho. Shina lililolala likiwa limeegemea ncha zake mbili limebanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini, na msumeno ukiingia kutoka juu tu utanaswa. Tawi lililopindwa chini ya shina huruka kama upinde mara linapokatwa. Hatari isiyotarajiwa ni ya kisiki. Mvinje unapong'oka huinua kipande kizima cha ardhi, na shimo lililobaki huwavutia watu kusimama ndani yake ili wapate kivuli. Shina likikatwa, uzito uliokilaza kisiki unakuwa umeondoka, nacho huweza kurudi wima kwa ghafla na kulifunika shimo. Hakuna anayeruhusiwa kulikaribia shimo hilo, hata kufuata nazi au mpira. Mwenye msumeno wa mashine huvaa kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio na suruali maalumu, na hafanyi kazi peke yake.

Mnazi ulioinama lakini ukabaki na moyo mzima usikatwe kwa haraka. Hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na baada ya miezi mitatu au minne utajulikana kama unaishi. Makosa yanayotendwa mara kwa mara ni kuunyoa makuti mabichi ili "upumzike", jambo linalouondolea chakula wakati unapokihitaji. Magogo ya minazi iliyokufa, kwa upande mwingine, yaondolewe upesi, kwa kuwa mdudu chonga huzaliana ndani ya magogo yanayooza kisha hupanda kutoboa minazi iliyo hai.

Tunaweza kuchota mchanga wa ufuoni kujazia bunka zilizochukuliwa na maji?

Hapana. Mchanga wa ufuoni una chumvi na vipande vya makombe vinavyoshikana vikikauka, na ufuo wenyewe ndio kinga yetu dhidi ya bahari. Kuuchimba ni kufungua mlango kwa dhoruba ijayo. Bunka nyingi hazikosi mchanga, bali mchanga wake umeporomoka kutoka ukutani hadi sakafuni. Tope la juu huondolewa kwanza, likitengwa na mchanga kwa rangi, kisha mchanga hurudishwa ukutani kwa sepetu na kushindiliwa kwa kipande cha ubao, tukiacha kina cha sentimita 10 hivi sakafuni na nusu yake ukutani.

Nyasi zimekuwa ndefu mno. Zikatwe lini, na mbolea iwekwe lini?

Zikatwe ardhi ikishabeba mashine, na zisikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Grini iliyokuwa ikikatwa milimita 5 na sasa imefikia 12 hupandishiwa kisu hadi 8, kisha hushushwa kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, na wachezaji watavumilia mpira unaokwenda polepole. Kabla ya kukata, mtu hupita mbele akiokota vijiti, kokoto na vifuu, kwa kuwa kifuu kimoja hutosha kutia pengo kwenye visu vya mashine ya grini.

Mbolea ya naitrojeni isubiri hadi mizizi mipya nyeupe ionekane ukichimba kipande kidogo kwa kisu. Ikiwekwa mapema, sehemu yake huchukuliwa na mvua na iliyobaki hulisha ukungu, ambao hupenda usiku wa joto na unyevu kama wa kwetu. Dawa ya ukungu nayo haipigwi huku wingu likiwa limetanda.

Mvua ikinikuta katikati ya mchezo, nifanye nini?

Mvua si kitu. Radi ndiyo hatari. King'ora kikilia, kanuni za gofu zinataka mchezo usimame papo hapo, bila kumalizia shimo, na mchezaji anaruhusiwa kusimama hata bila king'ora akiona kwa haki kwamba kuna hatari ya radi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Kimbilia jengo la kuta au gari lenye paa la chuma. Usikimbilie chini ya mti, na usidhani kwamba banda la makuti lisilo na kuta ni jengo. Tunasubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Uwanja ukifunguliwa ukiwa na madimbwi na marundo ya matawi, mpira unachezwaje?

Dimbwi linaloonekana baada ya mvua ni maji ya muda, nayo yakikuzuia unapata nafuu bila adhabu: unatafuta mahali pa karibu pasipo na kizuizi, pasipo karibu zaidi na shimo, na kuangusha mpira ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka hapo. Kwenye grini mpira huwekwa kwa mkono mahali hapo badala ya kuangushwa. Kwenye bunka nafuu ya bure ni ya ndani ya bunka ile ile. Ukitaka kutoka nje, utalipa pigo moja. Rundo la majani au matawi lililokusanywa ili liondolewe huhesabiwa kuwa ardhi inayotengenezwa hata kama hatujalichorea mstari. Mti ulioanguka lakini bado umeshikamana na kisiki chake hauna nafuu hiyo ya moja kwa moja, mpaka kamati iweke alama, na tunaomba radhi kwamba rangi ya kuchorea alama huisha mapema sana wiki kama hizo.

Sisi majirani tunaweza kuingia kuokota kuni na nazi?

Kuni, ndiyo, na kwa furaha. Mvinje ni kuni nzuri na vigingi vizuri, na klabu haina haja ya kuuchoma moto. Tunachoomba ni kwamba watu wasubiri tangazo langoni, kwa sababu wenye misumeno hawasikii sauti ya mtoto aliye nyuma yao. Makuti na makumbi huwekwa rundo moja karibu na lango kwa wasukaji na wenye mahitaji. Nazi zilizoanguka ni za mkwezi aliyepewa zamu ya minazi hiyo, na mapatano hayo ni ya tangu kabla ya sisi kuajiriwa, mwulizeni yeye.

Kuna hatari gani nyingine baada ya maji kupungua?

Nyoka na nge huhamia kwenye marundo ya makuti, kwa hiyo rundo hugongwa kwa mti kabla ya kushikwa, na makedi wasitie mkono mahali wasipopaona. Mbu wanahitaji siku saba hadi kumi kutoka yai hadi kuruka, na vifuu vilivyokaa wima, kopo la rangi, hata shimo la grini lililofungwa hutosha kuwalea. Vifuu hupinduliwa vyote ndani ya wiki ya kwanza.

Maandalizi gani hufanywa kabla ya masika?

Mwezi wa Februari, kaskazi likiwa bado linavuma na ardhi ni kavu, midomo ya mitaro huzibuliwa na matawi makavu ya mivinje iliyo karibu na grini hupunguzwa. Mashine hupandishwa kwenye sakafu ya juu ya banda, dizeli ya jenereta huwekwa ya siku tano, na pampu hufungiwa swichi juu ya kimo cha maji ya mwaka uliopita, kwa kuwa pampu iliyozama haiwashwi mpaka fundi aifungue na kuikausha. Onyo likitoka, bendera zote na reki za bunka huingizwa ndani; mwaka mmoja tulizisahau bendera mbili, na moja ililetwa na mvuvi aliyeikuta ufuoni.